Krismasi kwenu mlikuwa mnakula nini? Tupeane uzoefu

Mjukuu wa Mbege
Wakuu, habari za jioni. Leo nilipita Kariakoo kwa shughuli nyingine kabisa, nikamkuta mama mmoja anabishana na muuza viungo. Mama anataka mdalasini wa vipande, kijana anamsukumizia wa unga. Mama akamwambia, "Wa unga ni wa chai, mimi napika Krismasi." Nikasimama pale kama mjinga. Mama yangu alikuwa ananunua mdalasini, iliki na pilipili manga, anavifunga kwenye gazeti na kuvificha juu ya kabati. Sisi tunapanda kiti kwenda kunusa lile gazeti kuanzia tarehe 20.

Kwetu ni Rombo. Mzee na majirani watatu wanachangia ng'ombe, anachinjwa mgombani tarehe 24 asubuhi. Kazi ya sisi wadogo ni kukata majani ya mgomba ya kutandika nyama na kufukuza mbwa. Kisusio, ile supu ya damu, kinapikwa palepale, wazee wanakunywa wamesimama. Kesho yake mtori kabla ya kanisa, pilau mchana, jioni machalari (ndizi na nyama) kwa atakayekuwa na nafasi tumboni. Mbege, pombe yetu ya ndizi, bibi ameanza kuihangaikia wiki nzima nyuma: ndizi mbivu zimepikwa na kuachwa zichachuke, ulezi umeoteshwa, umekaushwa, umesagwa. Watoto tunapewa ile changa, tamu, kikombe kimoja tu, na bado tulikuwa tunalala mapema.

Kwenu je?

Chumvi ya Mawe
Wachagga mnaenda kwenu kuhesabiwa tena? Nendeni salama, tubaki tunapumua barabarani.

Mjukuu wa Mbege
Baki na foleni yako. Mwezi wa kwanza ukiniomba mbege sitakujua.

Mzee wa Foleni
Vijana mnaongelea mdalasini. Krismasi ya 1983 nilikuwa na miaka kumi na moja, Tabora. Sukari foleni, sabuni foleni, mchele unausikia kwa jirani mwenye ndugu serikalini. Mzee alikuwa na kadi ya duka la kaya, ya kununulia bidhaa za mgao, anaitunza kuliko cheti cha ndoa. Siku hiyo tukatoka kanisani tumevaa viatu vya kuazimana (mimi misa ya kwanza, kaka misa ya pili, kiatu ni kilekile), tukarudi tukakuta ugali wa unga wa njano na maharage. Wenzangu wa umri wangu mnaujua, ugali wa Yanga. Nyuso zikatushuka. Mama akasema, "Msinune, leo nimetia mafuta." Tukainama kwenye bakuli kutazama. Kweli, yalikuwa yanaelea, vijiduara vidogo vya rangi ya dhahabu. Mdogo wangu akaanza kuvihesabu, akapigwa kofi kwa sababu alivihesabu upande wangu.

Mpaka leo mke wangu akikaanga maharage mafuta yakaelea, nasema heri ya Krismasi. Anadhani nimezeeka.

Kipande cha Paja
Kwa hiyo watu wa Simba mlikuwa mnafunga?

Mzee wa Foleni
Tulikuwa tunakula huku tumefumba macho.

Ukoko Mtupu
Daah, viatu vya kupokezana. Nimecheka halafu nimenyamaza.

Bi Mkubwa Ngamiani
Mimi Muislamu wa Tanga lakini Krismasi naijua kuliko baadhi yenu. Marehemu baba ndiye alikuwa mchinjaji wa mtaa. Wakristo walitaka majirani wote waweze kula, hata sisi Waislamu, kwa hiyo walikuwa wanamwita yeye. Alfajiri anatoka na kisu kakifunga kwenye kitambaa, nyumba hadi nyumba, anarudi saa tano kanzu imechafuka na mkononi ana kichwa cha mbuzi na utumbo. Saa saba sahani zinaanza kuingia zimefunikwa vitambaa vya kufuma. Mama anaandika kichwani sahani ya nani ni ipi, maana kwake sahani hairudi tupu. Inakaa mpaka Idi, inarudi na tambi na vitumbua.

Kuna sahani moja ya maua ya bluu ilikwenda na kurudi miaka mingi, mwisho hakuna aliyekumbuka ni ya nani. Iko kabatini kwangu.

Kipande cha Paja
Hii ya sahani tunayo na sisi. Ila ya kwetu bakuli.

Mpishi Hana Presha
Wakati mnaendelea kulia, niwaulize: nani aliwaruhusu kuweka nyanya kwenye pilau? Mwaka jana nimealikwa mahali, naletewa wali mwekundu eti pilau.

Chumvi ya Mawe
Nyanya moja ina ubaya gani?

Mpishi Hana Presha
Inaanza moja. Rangi ya pilau inatoka kwenye kitunguu. Ukikosa subira ya kukaanga kitunguu mpaka kiwe kahawia, pika wali mweupe, hakuna atakayekushtaki.

Mama Vituko
Mimi naweka nyanya, karoti na hoho. Njooni mnikamate.

Mpishi Hana Presha
Hicho ni kitu kingine, kitafutie jina.

Chapo Sita
Nawasalimu kutoka Kakamega. Pilau ni yenu, sisi tukiwa wadogo Krismasi ilikuwa chapati. Mwaka mzima ni ugali, halafu tarehe 25 mama anakanda unga, watoto tumezunguka karai kama paka. Zilikuwa zinahesabiwa! Kila mtoto mbili. Binamu yangu alijaza moja kwenye mfuko wa kaptula, akaenda nayo kanisani, mafuta yakachora ramani nyuma. Mchungaji alimwona wakati wa kutoa sadaka.

Dada Kubwa
Nimesoma kimyakimya tangu asubuhi, hizi sahani na chapati zimenivuta. Ngoja niseme, sijawahi kuandika hii mahali popote.

Kahama, 1996. Baba alikuwa dereva wa malori, alikuwa hajarudi tangu mwezi wa nane. Mama alituambia Krismasi atakuja. Akauza vitenge vyake viwili, akanunua mchele kilo tatu na soda kreti nusu, akachinja majogoo wawili aliowafuga mwenyewe. Mimi nina miaka tisa, kazi yangu ni kupepea moto. Saa saba hivi tunasikia lori linapiga honi barabarani. Tukakimbia wote, wadogo zangu peku. Baba akashuka. Akazunguka upande wa pili akafungua mlango, akashuka mwanamke amevaa gauni la njano, akamshusha mtoto wa kike, halafu wa kiume wa kama miaka mitatu. Baba akasema, "Msalimieni mama mdogo." Yule mtoto wa kiume nikamwuliza jina. Lilikuwa jina la babu yetu, jina lilelile la mdogo wangu wa kiume.

Nikageuka. Mama amesimama mlango wa jiko, ana mwiko mkononi.

Naendelea baadaye, nina mteja.

Ukoko Mtupu
Dada usitufanyie hivyo.

Kipande cha Paja
Mteja gani huyo asiye na huruma? Mpe chenji yake arudi kwao.

Chumvi ya Mawe
Chai hiyo, hadithi ya kutunga. Ongeza tangawizi.

Mama Vituko
Wewe Chumvi kila kitu kwako chai. Yametokea nyumba ngapi haya?

Chumvi ya Mawe
Majina mawili yanayofanana, gauni la njano, mwiko mkononi. Hii filamu nimeshaiona.

Mzee wa Foleni
Kijana, ulikuwa bado kuzaliwa. Madereva wa enzi hizo nawafahamu, wengine walikuwa na nyumba kila mzani.

Nipo Muscat
Tukisubiri: huku tarehe 25 ni siku ya kazi kama nyingine. Jioni nikipata ruhusa naenda kanisani Ruwi, Wafilipino na Wahindi wamejaa mpaka nje. Nikirudi nakula chochote kilichobaki kwa bosi. Mwaka juzi kilibaki biriani la samaki. Nikampigia mama nikamwambia nimekula pilau la kuku.

Ukoko Mtupu
Pole dada.

Nauliza Tu
Samahani kwa kuingilia. Nina wageni 15 na bajeti elfu hamsini, ni mara yangu ya kwanza kupika sikukuu. Mchele kilo ngapi?

Mpishi Hana Presha
Kilo moja inashibisha watu wanane. Chukua mbili.

Mama Vituko
Wanane wa wapi, wa hospitali? Kilo moja watu watano. Chukua tatu, nyama kilo moja na nusu ukate vipande vidogo, viazi vijaze pengo.

Kipande cha Paja
Zima simu, funga geti, mle watu wanne mshibe.

Bi Mkubwa Ngamiani
Mwanangu anza kwa kuwapa uji au supu nyepesi na chapati. Mgeni akikaa kwenye pilau ameshapunguza kasi. Na kachumbari nyingi.

Chapo Sita
Ukiwapa chapati kwanza hawataondoka.

Dada Kubwa
Nimerudi.

Mama hakupiga kelele. Alisema, "Karibuni, mna vumbi la safari," akawapa maji ya kunawa. Yule mwanamke alikuwa anatetemeka, nadhani hakuambiwa kama kuna mke na watoto wanne. Mama akatandika mkeka, akapakua. Akaanza na wale watoto wageni, akawawekea mapaja. Halafu sisi. Halafu yule mwanamke. Babu alikuwepo, akapewa firigisi moja kama kawaida. Ile ya pili kila mtu anajua ni ya baba. Baba ameshanyoosha mkono na sahani.

Mama akaichukua ile firigisi, akaiweka kwenye sahani yake mwenyewe. Akaketi. Akaila. Siyo haraka, anatafuna taratibu kabisa anamtazama baba. Babu akaacha kula. Nje kuna redio ya jirani inapiga kwaya, ndani unasikia meno ya mama tu.

Alipomaliza akalamba vidole, akampakulia baba wali na shingo.

Kipande cha Paja
SHINGO!

Mama Vituko
Nimesimama jikoni kwangu napiga makofi peke yangu.

Chumvi ya Mawe
Nafuta kauli ya chai.

Chapo Sita
Wasiojua hawawezi kuelewa. Kwetu Waluhya firigisi tunaiita imondo, ni ya mwenye mji. Mtoto akiila kwa siri ni kesi ya ukoo. Huyo mama alimpindua rais mezani.

Mpishi Hana Presha
Mila za kijinga. Kuku kapika mwanamke, firigisi ale mwanamume?

Mzee wa Foleni
Si ujinga, ni heshima ya nyumba.

Mpishi Hana Presha
Heshima gani inaliwa na pilipili?

Kahawa Chungu
Mimi nimeoa Uganda. Krismasi huko ni matoke na luwombo, kuku anafungwa kwenye jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke, ukifungua lile jani unaweza kusamehe madeni. Bibi ya mke wangu alikuwa anazitengeneza hizo luwombo kila mwaka na hakuwahi kuonja. Kwa Waganda wa zamani mwanamke hakuruhusiwa kula kuku wala mayai. Yeye alikuwa anajitengenezea luwombo ya karanga pembeni. Wajukuu wakamwambia siku hizi ni ruksa, akasema hawezi kuanza leo, ladha ya kuku anaijua kwa harufu.

Mama Vituko
Miaka yote hiyo kwa harufu!

Senene Mkavu
Bukoba hatuna hizo shida za firigisi. Senene wanaingia mwezi wa kumi na moja, ukihifadhi vizuri mpaka Krismasi unao. Ndizi, senene, na rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mezani kila mtu anajihudumia.

Mjukuu wa Mbege
Nani ana siti ya Moshi tarehe 23? Stendi ya Mbezi nimeambiwa yamejaa mabasi yote.

Chumvi ya Mawe
Panda treni.

Mjukuu wa Mbege
Nimechelewa na huko pia.

Ukoko Mtupu
Dada Kubwa, ikawaje baadaye? Yule mama mdogo alibaki?

Dada Kubwa
Alilala siku mbili, mama akampa nauli kutoka kwenye hela ya vitenge. Yule mtoto wa kiume alikuja kusoma kwetu alipofika darasa la tano, akakaa moja kwa moja. Ndiye anayetuma mchele kila mwezi wa kumi na mbili mpaka sasa, gunia zima. Mama ana miaka 74, meno yamekwisha. Firigisi tunamkatia vipande vidogo sana, tunamchemshia mpaka ilainike.

Kipande cha Paja
Na mzee yupo?

Dada Kubwa
Yupo. Anakula shingo.