Tupeane uzoefu: Mlioanza MBA, mlikuta nini ambacho hakikuandikwa kwenye barua ya udahili?

Mzigo wa Bandarini (mtoa mada)

Wakuu, habari za majukumu. Nimepata nafasi ya MBA (uzamili wa usimamizi wa biashara) ya jioni hapa Dar, masomo yanaanza Novemba. Digrii ya kwanza ni ya ugavi, GPA 3.2, kwa hiyo msianze kuniuliza kama nina vigezo, nimeshapenya. Ada nayo naijua, imeshaniuma. Nataka yale ambayo hayapo kwenye tovuti ya chuo wala kwenye mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu): wiki za mwanzo zikoje, hesabu zina hali gani, kazi na nyumbani unavipangaje. Kila mtu aseme yaliyomkuta yeye, siyo ya binamu yake. Karibuni.

Mama Wawili wa Goba

Hongera mkuu. Mimi ni mtu wa benki, nilisoma jioni. Kabla hujakutana na kitabu chochote utakutana na barabara. Kipindi saa 11 jioni, na ofisi yangu kule mjini Posta inafungwa saa 11 hiyo hiyo, sasa piga hesabu mwenyewe. Sisi tuliotoka mjini tulipanda mabasi ya mwendokasi mpaka Ubungo, tukashuka, boda mpaka chuo. Wenye magari ndio walikuwa wanaingia darasani mwalimu akiwa kwenye slaidi ya mwisho.

Ongea na bosi kabla hujalipa hata shilingi. Wangu tulikubaliana niingie saa 1 asubuhi nitoke saa 10, na nikaomba aandike kwa barua pepe. Hiyo barua pepe ilinisaidia sana alipokuja bosi mwingine ambaye hakutaka kusikia habari za shule.

Nyumbani nako kuna kazi. Mume wangu alielewa MBA ni nini siku alipoanza kuwaogesha watoto yeye. Wikiendi usiihesabu kabisa maana ndipo makundi yanapokutana. Vikao vya harusi utavikosa, misiba ya mbali utaikosa, kwa hiyo tuma mchango mapema wasipate pa kukusemea. Watasema tu, lakini kwa sauti ya chini.

Zamu ya Usiku

Mimi ni injinia wa kiwandani. Darasa letu lilikuwa hivi: mainjinia tunaogopa uhasibu, wahasibu wanaogopa takwimu, na waliotoka sosholojia wanaogopa vyote viwili ila ndio wanaoongea vizuri kuliko wote siku ya kuwasilisha.

Debiti na krediti zilinisumbua kwa sababu kwangu krediti ilikuwa kitu cha kuweka kwenye simu. Ila fedha ya kampuni niliipenda ghafla, na nakumbuka swali lililonifungua macho. Mwalimu alitupatia mfano wa mashine ya kusaga ya milioni 10. Inaingiza milioni 4 kila mwaka kwa miaka mitatu, halafu chuma chakavu. Ununue? Darasa zima likasema ndiyo, milioni 12 toa 10, faida milioni 2. Akaandika ubaoni riba ya 15%, yaani kile ambacho pesa hiyo ingezaa kwa mwaka ukiiweka kwingine. Milioni 4 ya mwaka wa kwanza kwa thamani ya leo ni kama milioni 3.48, ya pili 3.02, ya tatu 2.63. Jumla haifiki hata milioni 9.2. Ile "faida" imegeuka hasara ya karibu laki 9. Kimya. Jamaa mmoja mwenye mashine halisi kule Mbagala akasema, "Mwalimu, mimi nimeshanunua."

Ukishaelewa hilo moja, nusu ya somo la fedha umeshalielewa. Mengine ni kubishana hiyo 15% imetoka wapi, na hapo ndipo watu wanapolala darasani.

Katibu wa Kundi

Hakuna aliyegusa makundi vizuri, ngoja nifunguke. Karibu kila somo lina kazi ya kundi. Mnaanzisha kundi la WhatsApp, mnalipa jina kubwa la kiingereza, mnagawana vipengele, halafu wawili wanapotea. Mmoja "yuko safari ya kikazi" muhula mzima. Mwingine anatuma kipengele chake saa 5 usiku siku ya kukusanya, kimekopiwa chote mtandaoni mpaka rangi ya maandishi ya kule imebaki.

Wewe ukikusanya hivyo hivyo, Turnitin (programu ya kukagua kazi zilizokopiwa) inawakamata wote, haijui nani aliandika nini. Kwetu tuliweka sheria: kila mtu anaweka kipande chake kwenye faili moja la pamoja siku tatu kabla, na asiyeweka jina lake halipandi kwenye jalada. Tulilitoa jina la mtu mzima mwenye cheo chake huko wizarani. Alinuna wiki nzima. Kazi iliyofuata alikuwa wa kwanza kuleta.

Halafu kuna mwalimu ambaye siku ya kuwasilisha hachagui msemaji wenu, anachagua yeye. Anamnyooshea kidole yule aliyekaa pembeni kabisa anachezea simu. Marks za wote zinategemea huyo. Kwa hiyo mfundisheni mapema, hata kama mnachukia.

Na kitu kimoja cha kujua: chuoni kwetu C ya uzamili ilikuwa sapu, yaani unarudia mtihani. Ile C ya digrii ya kwanza uliyokuwa unashangilia sahau. Kasome kanuni za mitihani za chuo chako wiki ya kwanza, kila chuo na zake.

Dada wa Kabete

Hamjambo nyote, naandika kutoka Nairobi. Wenzangu mmesema ya mwanzo, mimi niseme ya mwisho maana huko ndiko watu hukwama. Kumaliza masomo ya darasani si kumaliza MBA. Wengi niliosoma nao walipasi mitihani yote, wakabaki na mradi wa utafiti, na mradi huo bado uko kwenye laptop hadi leo. Darasa likiisha, hakuna ratiba, hakuna wenzako, hakuna mtu wa kukuuliza uko wapi.

Mimi niliteua mada tangu muhula wa kwanza, kuhusu mikopo ya simu kwa wenye maduka madogo. Hivyo kila kazi ya somo lolote niliisukuma upande huo. Masoko? Wenye maduka. Takwimu? Wenye maduka. Wakati wa kuandika pendekezo la utafiti, nusu ya usomaji nilikuwa nimeshaufanya.

Kukusanya data ndiko kuna machozi. Huku Kenya unahitaji leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi na teknolojia), na barua ya chuo juu yake. Nikaenda nazo zote mbili kwa kampuni moja, askari wa mlangoni akazisoma neno kwa neno, akanipeleka mapokezi, dada wa pale akasema "acha hapa, tutakupigia". Dodoso zangu nilizikuta wiki mbili baadaye palepale juu ya kaunta, kikombe cha chai juu yake. Ukitaka data ya kampuni, anza na kampuni unayofanyia kazi au ambako kuna mtu anakujua kwa jina.

Zamu ya Usiku

@Dada wa Kabete hata huku ni hivyo hivyo. Ukitaka data za halmashauri unapitisha barua ya chuo kwa Katibu Tawala wa Mkoa, naye anakuandikia nyingine ya kwenda wilayani. Anza mapema.

Baridi ya Kaskazini

Niongeze ya ughaibuni kwa wanaofikiria huko. Nilikwenda Uingereza kwa Chevening, ule ufadhili wa serikali ya kule. Kwa MBA wana kikomo cha ada, kwa hiyo nikachukua MSc ya usimamizi. Masters ya kule kwa kawaida ni mwaka mmoja, krediti za masomo 180, tasnifu peke yake 60. Inakimbia. Umetua Septemba hujazoea hata kufungua dirisha, tayari kuna insha ya maneno 3,000.

Kilichonitoa jasho ni semina. Unapewa keisi (kisa cha kampuni cha kuchambua) kurasa kama 20 usiku, kesho mnakaa duara watu kumi na kitu, na kukaa kimya hakuhesabiwi kama adabu. Wiki mbili za kwanza nilikuwa nasubiri mwalimu amalize ndipo ninyooshe mkono, Wahindi na Wajerumani wameshagawana mada. Halafu mwalimu mwenye mvi anataka umwite jina lake la kwanza. Mdomo ulikataa. Nilikuwa nasema "Professor" mpaka naondoka.

Siku ilipofika keisi ya M-Pesa nikapumua. Hapo niliongea mimi: jinsi wakala anavyoishiwa salio la kielektroniki mwisho wa mwezi, anavyokwenda kwa wakala mkubwa kubadilisha keshi. Kitabu kilisema ilianza Kenya 2007, lakini hakikusema mteja anafanya nini akiambiwa "float imeisha".

Mwenye familia ajue kwamba tangu Januari 2024 wanafunzi wengi wa masters za kufundishwa hawaruhusiwi kuwachukua wenza na watoto. Na kazi ni saa 20 tu kwa wiki wakati wa muhula. Usipange bajeti kwa kutegemea kibarua.

Cheti Kabatini

Mimi niwe mchawi wa uzi. Nina MBA, mshahara haukupanda hata mia. Nilipeleka cheti utumishi, wakanipongeza, wakakiweka kwenye faili. Msimdanganye kijana.

Mama Wawili wa Goba

@Cheti Kabatini pole, ila umeenda kuomba nyongeza palepale ulipokuwa. Mimi sikupandishwa pia. Niliyekaa naye dawati moja ndiye aliyeniambia kwao wanatafuta mtu wa mikopo ya biashara, na sasa niko huko.

Cheti Kabatini

Kwa hiyo dawati lilikusaidia, siyo MBA.

Mama Wawili wa Goba

Dawati lilikuwa ndani ya ada, mkuu.

Mzigo wa Bandarini

Wakuu mmenijaza. La mwisho: nina miezi miwili kabla ya kuanza. Nifanye nini, ninunue vitabu?

Zamu ya Usiku

Vitabu acha, vya maktaba na vya wenzako vitatosha. Fanya Excel mpaka vidole vizoee. Halafu chukua kampuni moja iliyoorodheshwa soko la hisa la Dar, ripoti zake za mwaka ziko wazi mtandaoni. Soma za miaka mitatu mfululizo, uangalie mauzo, gharama na madeni vinavyokwenda. Anza na ya bia au ya saruji, maana unaona kabisa wanachouza. Benki ziache kwanza, mizania zao zimekaa kivingine: ile pesa uliyoweka wewe kule wanaiandika kama deni.