Mrejesho: kile kinyama kwenye jicho la farasi

Wadau, mwezi wa tatu niliuliza kuhusu farasi wetu jike hapa Ngong, yule mwenye baka jeupe usoni, aliyeota kinyama cha rangi ya waridi kwenye kope la tatu, ule utando wa ziada ulio kwenye kona ya ndani ya jicho la farasi. Nilikuwa nimempaka dawa ya macho wiki tatu nzima nikidhani ni nzi tu. Aliyeniambia niache kupaka niite daktari, asante sana.

Daktari alimdunga sindano ya kumtuliza, akatia ganzi, akaliondoa kope lote la tatu farasi akiwa amesimama. Mimi nimeshika kichwa, jasho lanitoka kuliko yeye. Kipande kikaenda maabara: saratani ya seli bapa, yaani zile seli za tabaka la juu la ngozi na utando wa jicho. Bahati nzuri kingo zilikuwa safi, yaani seli mbaya hazikufika pale kisu kilipopita. Kumbe ngozi isiyo na rangi kuzunguka jicho, ikipigwa na jua kali, ndiyo inayowaponza.

Jicho linaona vizuri, ila asubuhi bado lina tongotongo. Sasa anavaa barakoa ya wavu ya kukinga jua; moja ameshairarua. Daktari atamkagua kila miezi mitatu, maana uvimbe huu unaweza kurudi.