Kwa nini treni ya Mwakanga haifiki Stesheni mjini?

Mkazi wa Yombo
Wanajukwaa, habari zenu. Hapa Dar es Salaam, njia ya treni ya TAZARA (reli ya Tanzania na Zambia) inayotoka Mwakanga na kupita katika vituo vidogo kama Yombo huishia kwenye kituo kikuu cha TAZARA, penye makutano ya Barabara ya Nyerere na ya Mandela, na anayekwenda katikati ya jiji hutafuta daladala kuanzia hapo. Reli ya Kati, kwa upande wake, inafika hadi Stesheni, jirani kabisa na bandari. Ni nini kinachozuia treni kuhama kutoka reli moja hadi nyingine?

Fundi wa reli
Ndugu yangu, kinachozuia ni geji, yaani nafasi kati ya vyuma viwili vya njia ya reli. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ina geji ya milimita 1,000, lakini TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, ilipewa milimita 1,067 ili mabehewa yake yaingie moja kwa moja kwenye reli za Zambia na za nchi za kusini. Tofauti ni milimita 67 tu, na udogo huo ndio unaoleta taabu, kwa sababu kitako cha reli moja, yaani sehemu yake ya chini, ni kipana kuliko nafasi hiyo, kwa hiyo reli ya tatu haiwezi kulazwa kando ya ya pili juu ya mataruma (mihimili inayobeba reli) yaleyale. Zingehitajika reli nne. Hata Kidatu, zinakokutana njia hizi mbili, mizigo huhamishwa kutoka behewa hadi behewa.

Mkazi wa Yombo
Nashukuru sana, mkuu. Kumbe huduma iliyoanza Oktoba 2012, ile tuliyoiita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, ilikuwa ya njia mbili zisizoweza kuungana.

Abiria wa Buguruni
Ndivyo: Stesheni hadi Ubungo Maziwa kwa upande mmoja, TAZARA hadi Mwakanga kwa upande mwingine, na sasa SGR, reli mpya ya kisasa, imeleta geji ya tatu, ya milimita 1,435. Kwa maoni yangu, abiria wa kituo kidogo hahitaji kungoja reli ziunganishwe. Anahitaji tiketi moja inayokubalika katika treni na katika basi, basi lenye ratiba inayofuata kufika kwa treni, na paa la kumkinga mvua ya masika anaposubiri, na haya yanawezekana bila kung'oa taruma hata moja.