Mliotolewa mishipa ya usoni, mliridhika? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari zenu. Nina mshipa wa kijani unaopanda katikati ya paji la uso tangu sekondari, nikicheka unatuna. Daktari anasema atatoboa vitundu vidogo auvute kwa ndoano, kwa ganzi ya hapo hapo tu. Mliopitia, ukijitazama kwenye kioo leo, moyo umetulia?

Binti wa Pwani: Wangu ulikuwa kwenye panja la kushoto. Vitundu vitatu vya kama milimita mbili, havikushonwa, plasta tu. Haikufika saa moja. Siku ya tatu jicho lilivimba na kuvilia damu hadi mwanangu akauliza nani kanipiga. Wiki mbili likapona. Kilichoniumiza ni madoa meusi palipotobolewa: yalikaa miezi mitano, na hakuna aliyeniambia kabla. Ngozi zetu zikijeruhiwa huweka weusi, kwa hiyo usikate tamaa mapema ukadhani umeharibiwa. Leo hayaonekani, nabana nywele zote nyuma. Nimeridhika kabisa.

Baba Neema: Mimi hutoka makovu ya keloidi, yale yanayovimba na kukua kupita kidonda chenyewe, daktari akakataa kunitoboa. Nikapigwa leza ya nanomita 1064, ile isiyochoma sana weusi wa ngozi. Mara tatu. Mshipa umefifia, haujaisha. Nimeridhika nusu.

Dada Mwana: Yangu ilikuwa mishipa myekundu mashavuni, na niliileta mwenyewe kwa krimu ya betamethasoni, miaka minne ya kujichubua. Leza iliiondoa, nikarudia kupaka, ikarudi. Safari ya pili niliacha krimu kwanza. Uso uliwaka na kutoka vipele miezi miwili, nililia sana. Sasa ni mwaka haijarudi. Jamani, msichomwe leza huku kopo la krimu liko kabatini.

Muuguzi K: Mkuu, akitokea wa kukudunga dawa ya kukausha mshipa hapo kwenye paji, usikubali haraka. Mishipa ya uso imeungana na ya jicho. Dawa ikipotea njia unaweza kupoteza uwezo wa kuona.

Mleta mada: Asanteni sana. Binti wa Pwani, ulikaa siku ngapi bila kwenda kazini? Mimi ni mwalimu, nasimama mbele ya darasa.

Binti wa Pwani: Siku nne. Ya tano nilikwenda na mtandio, nikaushusha hadi kwenye nyusi.