MREJESHO: Barabara yetu mbovu na ofisi zinazotupiana mpira

Habari zenu wakuu. Niliuliza nani anawajibika na barabara yetu iliyochimbika, maana kila ofisi ilitusukumia nyingine. Ushauri wenu wa kutafuta kwanza imesajiliwa chini ya nani ndio uliotuvusha.

Tuliandika barua ya pamoja kwa ofisi husika, wakazi wengi wakasaini, tukaambatanisha picha na kudai nakala yetu igongwe muhuri wa kupokelewa. Muhuri ule umesaidia sana. Hakuna tena aliyeweza kusema hajasikia. Mhandisi akaja, akapima, na mashimo yamefukiwa.

Lakini sijaridhika kabisa. Wamemwaga kifusi wakashindilia juu juu, mitaro wameiacha imeziba. Maji ndiyo adui mkubwa wa lami: yakituama hupenya kwenye nyufa, hulainisha tabaka la chini, kisha magurudumu yanamalizia. Na malori yaliyozidisha mzigo bado yanapita. Majaribio yaliyofanyika Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kuwa uzito wa ekseli (chuma kinachounganisha magurudumu ya pande mbili) ukiongezeka maradufu, uharibifu huongezeka takriban mara 16. Halafu tunaambiwa bajeti haitoshi! Kuzibua mtaro ni gharama ndogo mno ukilinganisha na kujenga upya, na wajawazito na wagonjwa wanateseka humu kila siku. Inauma.

Sasa tunataka kuonyeshwa mkataba wa matengenezo: mkandarasi ni nani, na muda wake wa kurekebisha kasoro unaisha lini. Barua ya pili imeshapokelewa. Wakijibu nitawajulisha.