Ukisifu bukari ya mahindi, umeutukana muhogo?

Mjadala uko wazi. Mtu wa Lubumbashi, Kongo, kaandika mstari mmoja tu kuhusu bukari, yaani ugali: "Bukari ya mahindi ndiyo inanishibisha." Jibu la kwanza: "Kwa hiyo sisi wa muhogo tunakula uchafu?" Aliyeandika hakulitaja neno uchafu. Limetoka wapi? Wanajibu watu wa mitaa ya jiji hilo, na Mama Bukari.

Wa Katuba: Limetoka kwenye swali ambalo hakuna aliyeuliza. Huku kwetu "unakula unga gani?" husikika kama "wewe ni mtu wa wapi?" Unga wa mahindi ulikuwa posho ya wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya madini ya enzi ya Wabelgiji; ule uliochanganywa na muhogo watu huuita wa Kasai. Ukitaja unga, msomaji anasikia kabila.

Mama Bukari: Nusu ya kweli hiyo, ndugu. Nusu nyingine ni sufuria. Wanaobishana "huu au ule" wengi hawajasonga mchanganyiko. Maji lita 1, unga wa mahindi gramu 300, wa muhogo gramu 150. Koroga vijiko vitatu vya mahindi kwenye maji baridi kidogo, mimina kwenye maji ya moto, acha uji utokote dakika 10. Ongeza mahindi yaliyobaki, songa. Punguza moto, ndipo uingize muhogo kidogo kidogo, dakika 3 au 4 za mwiko. Ukitanguliza muhogo, unanyonya maji haraka na kuvutika kama gundi. Mahindi yanakosa maji, yanabaki mabichi, unatafuna chenga. Halafu lawama anabebeshwa muhogo!

Wa Ruashi: Vipimo nakubali. Ila si kila maneno ni mapenzi tu. Anayeandika "muhogo ni sumu" anashambulia, tena kwa ukweli uliokatwa katikati. Muhogo mchungu una sianidi, ndiyo, na konzo, ugonjwa wa kupooza, imelemaza miguu ya watu kule Kwango, kusini-magharibi mwa nchi. Chanzo ni kuloweka kwa haraka huku mlo hauna protini ya kutosha. Uloweke siku tatu au nne majini, mpaka mzizi ubonyee kwa kidole. Juni na Julai hapa kuna baridi, uchachukaji unachelewa, ongeza siku. Na mahindi matupu kila siku bila maharagwe wala samaki huweza kuleta pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini. Mbona hilo hawaliandiki?

Wa Kampemba: Wakubwa, mnasahau mfuko. Mwenye pesa ya meka moja, kopo la kupimia unga sokoni, akinunua mahindi, muhogo ameuacha. Hapo kupenda kimoja ni kukataa kingine, tusidanganyane.

Mama Bukari: Kuacha leo si kuchukia, mwanangu. Muombe muuzaji nusu meka ya kila unga, atakupimia. Na kiporo cha mahindi matupu asubuhi kinakuwa jiwe. Cha mchanganyiko bado kinamegeka.

Wa Kampemba: Kumbe unakubali mahindi ni mabaya!

Mama Bukari: Nimesema kiporo.