MREJESHO: LUN nne za zamani zimetoka, data iko salama

Ndugu zangu, ni mimi wa Bukavu niliyeuliza jinsi ya kutoa LUN nne (vipande vya hifadhi ambavyo seva huviona kama diski) kwenye kundi la LVM (mfumo wa Linux unaounganisha diski ziwe hifadhi moja) la seva yetu. LUN hizo zinatoka kwenye kabati la zamani la SAN (mtandao wa hifadhi ya data). Zimetoka zote jana usiku.

Mkubwa uliyenikataza kuzikata kwenye kabati kabla seva haijaziachia, Mungu akubariki. Nilikuwa karibu kabisa kufanya hivyo.

Nilichukua nakala ya akiba, nikahakikisha kwa pvs (amri inayoonyesha diski za LVM na nafasi iliyobaki) kwamba kabati jipya lina nafasi ya kupokea kila kitu, kisha nikaanza pvmove (amri ya kuhamisha data kutoka diski moja kwenda nyingine), LUN moja moja. Ya tatu ikiwa kwenye asilimia 62, umeme ukakatika, na betri zikaisha kabla jenereta haijawaka. Moyo ulinienda mbio, maana humo mna faili za wagonjwa. Seva ilipoamka niliandika pvmove tupu, bila jina la diski, ikaendelea kutoka ilipofikia mara ya mwisho. Nimelinganisha faili na nakala: hakuna hata moja iliyoharibika.

Baadaye nilizitoa kwenye kundi kwa vgreduce, nikafuta alama za LVM kwa pvremove, nikaondoa ramani ya njia zake kwa multipath -f, nikafuta njia zenyewe kwenye seva, ndipo nikazikata kwenye kabati. Dakika chache tu.

Kaka uliyeuliza kuhusu kutoa diski kwenye RAID 5 (diski kadhaa zilizounganishwa ziwe kama moja) iliyo chini ya LVM: hapo usifuate njia hii. Diski moja ndani ya RAID 5 ya namna hiyo inabadilishwa kwa nyingine. Haihamishwi kwa pvmove, kwa sababu LVM inaona RAID nzima tu, haiioni diski hiyo.